Mbuzi wa plastisini anatetemeka: kabla hujanunua kamera, ziba dirisha

*"Habari za kazi, mwalimu. Ninaishi na watoto wawili wa kaka yangu hapa Pasua, Moshi. Wa kike ana miaka 13, wa kiume 9. Kila Jumamosi usiku tunaangalia katuni, kila mtu kwa zamu analeta anayoipenda. Likizo hii wakaamua kutengeneza ya kwao. Walifinyanga mbuzi wa plastisini anayepanda kilima cha mawe, wakampiga picha kwa simu yangu, picha 300 kwa siku tatu, pale dirishani penye mwanga mzuri. Tulipoziunganisha ikatoka filamu ya sekunde 12, tena inawaka na kufifia kama taa mbovu, mbuzi anatetemeka kama ana homa, na mlima nao unacheza. Mdogo akasema macho yanamuuma. Dada yake alilia, akamponda mbuzi akawa donge. Kijana mmoja wa duka la kompyuta ananiambia simu haifai, ninunue kamera, na kwamba siku hizi kompyuta inafanya yenyewe. Sina hela ya kuchezea. Ninunue, au niwaambie waachane nayo? Na tukiiweka YouTube na wimbo wa katuni wanayoipenda, kuna ubaya?"*

Shangazi, nianze na swali la hela ili upumue: usinunue kamera. Simu iliyopiga picha 300 inatosha kwa filamu tatu nne zijazo. Mnachohitaji ni blanketi zito la kuziba dirisha, balbu moja, na zile hedifoni za waya ambazo kila nyumba inazo zimelala kwenye droo. Nitakueleza kila kimoja kina kazi gani, maana ukijua chanzo cha tatizo utaweza kulitambua hata likija na sura nyingine.

Umeyaweka matatizo matatu kwenye kapu moja. Filamu ni fupi, mwanga unapepesa, mbuzi anatetemeka. Kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja linalotokana na ubora wa simu. Kijana wa dukani hana nia mbaya, ila mngempiga mbuzi yuleyule pale dirishani kwa kamera ya milioni tatu, mngepata filamu ileile inayopepesa, tena safi zaidi, kila kasoro ikionekana vizuri.

Ufupi ndio mwepesi kuliko yote. Picha 300 kutoa sekunde 12 maana yake programu yenu ilikuwa inaonyesha picha 25 kwa sekunde. Fungua mipangilio yake, weka 12. Bila kupiga picha hata moja ya ziada, filamu inakuwa ya sekunde 25. Jicho na ubongo vikiletewa picha zilizotulia zinazopishana upesi, huzishona zikawa mwendo, na kazi hiyo haihitaji picha nyingi kama watu wanavyodhani. Sinema ya ukumbini hutembea kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mafundi wengi wa stopu-mosheni, yaani katuni za vinyago vinavyosogezwa kwa mkono, humpiga kinyago mara moja na kuionyesha picha hiyo mara mbili. Sekunde nzima inakuwa na mikao 12 tu. Fantastic Mr. Fox ya Wes Anderson, ya mwaka 2009, ilifanywa hivyo kwa kukusudia, na ule mwendo wake unaokatikakatika kidogo ni sehemu ya utamu wake. Wanao wanaweza hata kushuka hadi 8 wakiwa wanajifunza. Chini ya hapo mbuzi ataanza kuonekana anahama badala ya kutembea.

Mwambie binti hesabu hii pia, maana nadhani alilia akiamini ameshindwa peke yake: filamu ya dakika 80 kwa picha 24 kwa sekunde ni picha 115,200. Nick Park, fundi wa katuni za vinyago wa Uingereza, alianza A Grand Day Out, filamu ya kwanza ya vinyago wake Wallace na Gromit, akiwa mwanafunzi mwaka 1982. Ilikamilika 1989, na ina kama dakika 23 tu.

Sasa mwanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo filamu nyingi za nyumbani zinapokufa.

Dirisha linaonekana zuri kwa sababu kwa macho yetu mwanga wake umetulia. Haukutulia. Jua huhama nyuzi 15 angani kila saa. Watoto wakipiga picha kwa saa mbili, limehama nyuzi 30, na kivuli cha mbuzi kimezunguka nalo. Hakuna aliyekiona kikitembea kwa sababu kinajongea kama konokono. Lakini nyinyi mmezibana zile saa mbili zikawa sekunde chache, kwa hiyo konokono sasa anakimbia. Ongeza mawingu ya Moshi, ambako mlima unaweza kuwa wazi asubuhi na saa nne ukawa umejifunika, na wingu moja likipita mbele ya jua linakuwa giza la robo sekunde kwenye filamu. Halafu mmeipiga siku tatu, asubuhi hii, mchana ule, jioni nyingine. Mmepiga mwanga wa siku tatu ukiruka juu ya mbuzi mmoja.

Na kuna simu yenyewe. Kila inapopiga picha, inaupima mwanga upya, inapima rangi upya, inatafuta upya cha kukilenga. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi kila dakika na kila akionja anaongeza chumvi. Nia yake njema. Lakini mbuzi mweupe akisogea karibu na kuijaza picha, simu inasema "mwanga umezidi" na kufanya kila kitu kiwe cheusi kidogo, na akisogea mbali inapaka weupe tena. Hiyo peke yake inatosha kuleta kupepesa hata ndani ya chumba chenye mwanga usiobadilika kabisa.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Zibeni dirisha lisilete hata ufa wa mwanga, muwashe balbu yenu. Kisha mfungieni huyo mpishi asionje: kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo na kukishikilia mahali alipo mbuzi, unafunga mwanga na ulengaji. Simu nyingine zina sehemu ya kupanga kila kitu kwa mkono. Programu ya Stop Motion Studio, ambayo ina toleo la bure, nayo hukuruhusu kufunga vitu hivyo. Fungeni vyote vitatu, mwanga, rangi na ulengaji, kabla ya picha ya kwanza, na msiguse tena mpaka tukio liishe.

Kuhusu balbu, mambo ya dukani. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za LED za bei ya chini hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera ikifunguka kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu moja ya 500 ya sekunde, picha hii inaikuta balbu imepanda, inayofuata inaikuta imeshuka. Mwombe muuzaji aiwashe balbu, ielekezee simu yako kwa karibu. Ukiona michirizi myeusi inapita kwenye kioo, mrudishie, jaribu nyingine. Na kama simu yako inakuruhusu kuchagua muda wa kufunguka, weka moja ya 50 au moja ya 25, ambapo kupanda na kushuka huko kunakuwa kumesawazishana ndani ya kila picha. Msitumie taa ya kuchaji kwa kazi ya saa nyingi. Betri inavyoisha, mwanga unazama taratibu, nanyi hamtajua hadi mnaiangalia filamu. Vilevile friji likinguruma na balbu ikashtuka, subirini itulie ndipo mpige.

Mwisho wa habari za mwanga ni nguo. Filamu yangu ya kwanza niliipiga Ngarenaro, Arusha, kwenye chumba cha kupanga, nikiwa nimevaa fulana ya njano. Niliziba dirisha, nikafunga kila kitu, nikajisifu. Kwenye filamu, kinyago changu kilipata homa ya manjano kila nilipokuwa nimeinama upande wa kushoto, kikapona nilipohamia kulia. Fulana ilikuwa inamrudishia mwanga usoni. Watoto wavae nguo nyeusi au za rangi nzito, na muhimu zaidi, wakati wa kubonyeza warudi kusimama mahali palepale kila mara. Bandikeni selotepu sakafuni, kila mtu na alama yake. Wa miaka 9 atalipenda hilo, litakuwa mchezo ndani ya mchezo.

Tuje kwa homa ya mbuzi. Neno dogo ulilolipitisha haraka, kwamba "mlima nao unacheza," ndilo lililonipa jibu. Mbuzi angetetemeka mlima ukiwa umetulia, ningesema mikono ya watoto. Mlima ukicheza pamoja naye, kinachotembea ni simu. Kila mlipogusa kioo kupiga picha, ilisogea unywele mmoja, na unywele mmoja ukikuzwa kwenye televisheni ni tetemeko.

Simu isiguswe. Chomekeni hedifoni za waya: kwenye simu nyingi, kitufe cha kuongeza sauti kilicho kwenye waya wake ndicho kinachofyatua picha. Kama simu yako haikubali, tumieni kihesabu cha sekunde tatu, mguso utulie kabla picha haijapigwa. Stendi ya kununua si lazima. Matofali mawili ya kuchoma, simu katikati, imebanwa na vipande vya sponji la godoro kuukuu, ni imara kuliko stendi nyingi za plastiki nilizoziona. Mfanye kazi sakafuni. Meza inayumba mtu akiiegemea, sakafu ya saruji haiyumbi. Na yale mawe ya mlima yabandikeni kwenye ubao, yasiwe yamekaa tu, kwa sababu kiwiko cha mtoto hakikosi cha kugonga.

Ukishaituliza simu, utabaki na tetemeko dogo la mbuzi mwenyewe, ngozi yake ikichezacheza mahali vidole vinapomshika. Hilo lisikusumbue. Kwenye King Kong ya mwaka 1933, manyoya ya sokwe hayatulii hata akiwa amesimama, kwa sababu vidole vya fundi vilikuwa vinayalaza na kuyainua kati ya picha na picha. Watu wanaiangalia hadi leo.

Lakini kuna tetemeko la aina nyingine, na hili si la vifaa, ni la ufundi. Naamini wanao walikuwa wakimsogeza mbuzi kiasi kilekile kila picha, milimita mbili, milimita mbili, kuanzia chini hadi kileleni. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo, nami nilifanya. Kiumbe hai hatembei hivyo. Wapelekeni watoto wakamtazame mbuzi wa jirani anavyopanda ukuta mfupi. Anasimama kwanza, anaupima kwa macho. Anashusha kichwa. Anarudi nyuma kidogo, magoti yanakunjika, kama anaukataa ukuta. Halafu ghafla yuko juu, wala hukuona alivyofika. Anabonyea akitua, anajinyoosha, anatazama kushoto kana kwamba hakuna lililotokea.

Ligeuze hilo liwe picha, kwa mwendo wa 12 kwa sekunde. Akilitazama jiwe, picha 12 bila kumgusa. Kichwa kikishuka, picha 2. Akirudi nyuma na kukunja magoti, picha 4, kila moja kwa kusogea kidogo kidogo. Akiwa hewani, picha 2 tu, na hapa msogezeni mbali, hata sentimita tatu kwa mara moja. Akitua amebonyea, picha 1. Akijinyoosha, picha 3. Akitulia na kutazama kushoto, picha 8. Jumla ni picha 32, chini kidogo ya sekunde tatu, na mtazamaji ataapa kwamba yule mbuzi alifikiri kabla ya kuruka. Kwa zile hewani, mchomeeni njiti ya kiberiti nyuma, upande ambao kamera haioni.

Programu nyingi hukuonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya ile unayotaka kupiga. Kiwasheni. Kinasaidia kujua mmesogeza kiasi gani, na mbuzi akianguka, kinasaidia kumrudisha alipokuwa. Ataanguka.

Anaanguka kwa sababu ya miguu. Plastisini ni udongo uliochanganywa na nta na mafuta, na joto la Moshi la Januari na Februari linailegeza hadi mbuzi wa asubuhi anakuwa amepiga magoti mchana. Mtengenezeni mifupa: waya wa umeme wa shaba wa mshipa mmoja, si wa nyuzi nyingi, uvueni ganda lake, msokote mbili pamoja. Vipande vinavyobaki kwa fundi umeme mara nyingi utapewa bure. Jengeni plastisini juu ya waya huo, iwe nyembamba miguuni. Waya ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja hukatika, kwa hiyo sokoteni mifupa ya ziada mapema. Chini ya miguu chomekeni pini zinazoingia kwenye boksi nene mlilotandaza kama ardhi. Mbuzi akilegea, dakika kumi kwenye friji zinamrudisha. Kinyago cha unga wa ngano na chumvi kinafaa kazi ya siku moja tu, maana kesho yake kimepasuka. Udongo wa mfinyanzi nao utumieni kwa mlima, usitumike kwa mbuzi, kwa sababu hiyohiyo ya kukauka.

Hilo la kwamba kompyuta inafanya yenyewe lina nusu ya ukweli. Katuni si za aina moja. The Lion King ya 1994, ile ya Simba na Pumbaa, ilichorwa kwa mkono, na ya 2019 ikatengenezwa kwa kompyuta. Ubongo Kids na Akili and Me, ambayo Akili wake anaishi chini ya Kilimanjaro hapohapo kwenu, hutengenezwa Dar es Salaam kwa kompyuta. Katika zote hizo yupo mtu aliyekaa akaamua mguu uinuke lini na utue lini. Kompyuta haikumpunguzia uamuzi huo, imembadilishia zana. Kama binti anapenda kuchora kuliko kufinyanga, siku moja mnaweza kumwekea Blender, programu ya kutengenezea katuni kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, ila inataka kompyuta yenye nguvu, na hapo ndipo hela itakapohitajika kweli. Siyo sasa. Na zipo programu za kupunguza kupepesa baada ya filamu kupigwa. Zinasaidia palipo na kasoro ndogo. Mwanga wa siku tatu haziuwezi, kwa hiyo msipoteze likizo mkijaribu kuiponya ile ya kwanza.

Jumamosi zenu msiziache. Mngekuwa wanafunzi wangu, ningebadilisha kitu kimoja tu: filamu ikiisha, aliyeileta achague nusu dakika anayoipenda kuliko zote, muirudie mara tatu. Mara ya kwanza na sauti, ya pili bila sauti, ya tatu picha moja moja. Kwenye kompyuta, programu ya VLC inasogeza picha moja kila ukibonyeza herufi E. YouTube kwenye kompyuta, ukiisimamisha, kitufe cha nukta hufanya hivyohivyo. Hapo watoto wataona kwa macho yao kwamba ngumi ilikuwa picha mbili na ukimya kabla yake picha ishirini. Kwa mbuzi wenu ningeanza na Shaun the Sheep, kwanza kwa sababu ni ya vinyago, pili kwa sababu hakuna anayesema neno. Kila kitu kinasemwa na masikio, kope na kusita. Mtoto asiyejua Kiingereza hakosi kitu hapo, na hahitaji mtu wa kumtafsiria kama kwenye kibanda umiza.

Na kwa mdogo, ambaye nahisi alikuwa amepewa kazi ya kushika boksi tu, mtafutieni filamu yake mwenyewe ya karatasi. Mwaka 1926 Mjerumani Lotte Reiniger alitoa The Adventures of Prince Achmed, filamu ndefu iliyotokana na Alfu Lela Ulela, ambayo watu wake wote ni vivuli alivyovikata kwa mkasi na kuunga viungo vyao kwa waya. Ndiyo filamu ndefu ya katuni kongwe kuliko zote zilizosalia. Mtoto wa miaka 9 anahitaji karatasi ngumu nyeusi, mkasi, na karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia kidogo ili ipitishe mwanga. Ibandikeni kwenye fremu ya picha, taa nyuma yake, simu mbele. Hakuna kinachoyeyuka wala kuanguka. Kusema kweli, mimi ningeanza hata na dada yake hapo, ila najua hatakubali kumwacha mbuzi.

Wimbo. Mkiucheza nyumbani nyinyi watatu, hakuna atakayewagongea mlango. Mkiuweka YouTube ni jambo jingine. Wimbo una mwenyewe, na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. YouTube nayo ina mitambo inayoutambua wimbo hata ukiwa kipande, na video inaweza kuzuiwa au mapato yake kwenda kwa mwenye wimbo. Tengenezeni sauti zenu. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa ni kwato, kokoto kwenye kopo ni mawe yanayoporomoka, na mlio wa mbuzi sina shaka mdogo ameshaanza kuufanyia mazoezi. Akaunti fungua wewe kwa jina lako. Binti amefikia umri wa chini wa miaka 13 unaotakiwa, mdogo bado, na hata huyo mkubwa ningependa maoni ya watu wasiomjua yapite kwako kwanza. Sura zao, sare za shule na mlango wa nyumba visionekane.

Umesema mdogo aliumwa macho. Mara nyingi ni uchovu tu wa kukodolea kitu kinachopepesa gizani, na akipumzika yanapita. Asiiangalie tena ile filamu ya kwanza, na mkiwa mnatazama kazi zenu taa ya chumba iwe imewashwa na yeye akae mbali kidogo na kioo. Lakini wapo watu wachache ambao mwanga wa kupepesa huwachochea kifafa. Ukimwona anaganda macho yakiwa wazi asikusikie, mkono au uso unarukaruka, au anaanguka, zima kioo, mlaze kwa ubavu, usimwekee kitu mdomoni, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Degedege likipita dakika tano halijaisha, ni dharura, msisubiri. Kama hakuna lolote kati ya hayo ila hukunja macho akisoma ubaoni au kichwa kinamuuma jioni baada ya shule, kliniki ya macho inatosha, nayo usiiahirishe. Na ikiwa balbu zote za nyumba zinapepesa, hata mkizibadilisha, muite fundi umeme mwenye leseni aangalie nyaya. Hilo si suala la filamu tena.

Kwa upande wa kazi yenyewe, mkikwama na mwanga nendeni kwa mpiga picha yeyote wa paspoti pale mjini mkamwombe awaonyeshe taa zake zinavyokaa. Ni kazi yake ya kila siku kuzuia kivuli kisimwangukie mtu usoni, na dakika kumi za kusimama naye zitamfundisha binti kuliko barua yangu hii.

Lile donge asilitupe, kama bado lipo. Mwambie alikande vizuri, atengeneze mbuzi mpya juu ya waya, amweke mbele ya simu iliyofungwa kati ya matofali, dirisha limezibwa. Kisha ambonyeze kidogo kidogo, safari hii kwa makusudi, picha kwa picha, hadi awe donge tena. Picha 40 hivi zinatosha. Akimaliza, aiambie programu izicheze kuanzia mwisho kurudi mwanzo.